Mlango wa Karatasi wa Nyumba Namba Nne

Mmenichosha. Kila anayeingia kuitazama ile meza ya mdogo wangu, akitoka hapo haendi kwao, anakuja kwangu. "Bibi, tupe ile habari ya mlango." Mimi si redio ya kuwashwa na kila mpita njia. Na nikishasimulia, huyu anaongeza jini, yule anaongeza sauti ya mtoto analia, habari inanirudia ina mapembe ambayo sikuizaa nayo. Sasa nimeiandika kwa mkono wangu, siku kumi na moja nimeinamia karatasi, ili asinisumbue mtu tena. Humu hamna jini. Kama jini ndilo unalolitafuta, kunja karatasi uende zako.

Mdogo wangu ninayemsema, tumbo moja, ziwa moja, alikuwa mshika ishara wa reli. Kazi hiyo wengi wenu hamuijui. Ni kukaa juu ya kibanda cha mbao, ngazi kumi na mbili kutoka ardhini, mbele yako dirisha pana, nyuma yako birika la chai, na mkononi vyuma virefu vya kuvuta. Ukivuta hiki, mkono wa ishara kule mbali unashuka, treni inaingia. Usipokivuta, treni inasimama inapiga honi mpaka ukumbuke kilichokuleta kazini. Na chochote kinachopita mbele ya dirisha, treni, kiberenge cha mafundi wa njia, ng'ombe wa watu, mtu kwa miguu yake, kinaandikwa kwenye daftari na saa yake. Alifanya hivyo miaka ishirini na sita, na stesheni nzima ikawa na msemo: neno la kibandani halirudiwi. Akisema kimepita, kimepita. Akisema hakijapita, hata kama wewe unakisikia kinanguruma, ujue masikio yako ndiyo mabovu.

Watu walimwita Baba Kadogo. Kadogo lilikuwa jina la nyumbani la binti yake, naye alikuwa mmoja tu, hakutanguliwa wala hakufuatwa. Mkewe, wifi yangu, akawa Mama Kadogo. Hapo ndipo penye mwiba, maana Kadogo alipotea akiwa na miaka tisa na jina halikupotea naye. Watu wazima wawili wameitwa kwa jina la mtoto asiyekuwepo, asubuhi na jioni, sokoni na msibani, miaka thelathini na moja. Jaribu wewe siku moja.

Alipostaafu walihamia vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli. Kile cha mbele kilikuwa kiwe sebule. Hakikuwa. Aliokota mlango wa mbao wa zamani, akaulaza juu ya mapipa mawili, na juu ya mlango huo akaanza kuijenga stesheni upya kwa makaratasi. Ile ya kweli ilikuwa imeshakufa: treni ziliachishwa, mabati yakaezuliwa, nyumba za wafanyakazi zikavunjwa tofali moja moja na watu wenye mikokoteni. Yeye akasema, kilichobomolewa kwa nyundo atakisimamisha kwa wembe.

Nami simsifu ndugu kwa sababu ni ndugu, muulize yeyote, mimi kusifu huniuma meno. Lakini ule mkono ulikuwa mkono. Bati la nyumba za reli si lina migongo? Alichukua kipande cha boksi, akakilowesha, akakibandua ngozi ya juu taratibu kama anamenya yai, ndani ikabaki ile migongo myembamba. Akaipaka kijivu, kisha kutu kwa maji ya chai. Ukitazama unasikia mvua. Sakafu ya stesheni ilikuwa msasa mkavu, mawe ya ukingo yalikuwa trei ya mayai iliyosagwa ikakandwa na gundi. Kuta alizifanya kwa karatasi ya manila: anailaza juu ya chekeche la chai ingali na unyevu, anaikandamiza kwa mgongo wa kijiko, inatoka na vipele kama plasta iliyopigwa na fundi mvivu. Matofali aliyachora kwa kalamu iliyokwisha wino, anakwangua mstari, mstari, mstari, mpaka ukipitisha kidole unahisi viungo. Siku nzima inakwenda kwa ukuta mmoja wa upana wa kiganja.

Na njia ya reli ilikuwepo, mduara wa vyuma vya kuchezea, na treni moja ya kutia ufunguo aliyoipata kwenye mitumba, haina bogi hata moja. Ukiitia ufunguo, nguvu yake ni mizunguko mitatu, wa nne inachoka.

Sasa sikilizeni vizuri. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa sita kwa mstari. Alijenga ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tano na ya sita. Baina ya ya tatu na ya tano akaacha pengo. Na ng'ambo ya reli, pale palipokuwa na kibanda chake mwenyewe alichokaa miaka ishirini na sita, akaacha pengo la pili. Watu walioijua stesheni walikuja wakataja hata mahali pa bomba la maji, lakini hakuna aliyetaja mapengo. Kuna vitu mtu havitaji nyumbani kwa mwenziwe.

Ila treni. Treni ile ilikuwa na tabia. Ikizunguka vizuri, inapita nyumba, inapita tangi la maji, ikifika mbele ya lile pengo la kibanda inasimama. Ufunguo haujaisha, unausikia ukilia ndani, lakini magurudumu hayaendi. Inasimama kama treni yenye adabu inayongoja ishara. Baba Kadogo anaisukuma kwa kidole, inakwenda. Alisema ni kiungo cha reli kimeinuka. Alikipiga msasa, akakinyoosha, akakibadilisha na cha upande mwingine. Treni ikaendelea kusimama pale pale.

Asubuhi moja Mama Kadogo alikuwa akifagia, akasimama na ufagio wake juu ya meza.

"Umeacha kwetu," akasema.

"Manila imekwisha."

"Ya choo cha stesheni ilikuwepo. Choo umekipa manila, mimi nyumba yangu umeninyima."

Na kweli choo kilikuwa pale, tena na mlango wa mabati. Akaijenga nyumba namba nne kwa siku tisa. Vidato viwili vya mlangoni, kimoja kimekatika pembe, dirisha la jikoni lenye moshi juu yake, alama ya mpira ukutani. Hakumwuliza mkewe chochote, na mkewe alipoiona alivuta kiti akaketi mbele yake mpaka maharage yakaungua.

Mlango wa nyumba hiyo, kama milango ya zile nyingine, ulikuwa kipande cha manila kilichobandikwa ukutani. Nataka mwelewe hilo. Haukuwa mlango wa kufunguka. Nyuma yake hakuna tundu, ni kadibodi tupu. Hauna bawaba, hauna pa kwenda.

Kesho yake asubuhi ulikuwa wazi.

Upande mmoja umeachia, umesimama nje kama unavyosimama mlango aliousukuma mtu akatoka kwa haraka. Nyuma yake kadibodi ya kahawia, kavu, hainuki kitu.

"Umeishika ile nyumba?" akamwuliza mkewe.

"Niishike na mikono ya unga?"

"Mlango umeachia."

"Basi ubandike. Ungekuwa unashona viatu wangekupiga wateja."

Akaubandika. Asubuhi ya pili ukawa wazi. Akaubandika, akaukandamiza kwa pasi ya chuma iliyopoa mpaka jioni. Asubuhi ya tatu ukawa wazi. Milango mingine mitano imelala kimya ukutani, haikuinuka hata kona.

Mama Kadogo alipouona asubuhi hiyo ya tatu, aliacha utani. Alijifuta mikono, akasema, "Mimi nilikuwa nauacha hivyo hivyo. Baada ya siku ile. Miezi saba nililala mlango uko wazi, wewe ukiwa kazini. Sikukuambia, ungesema nakaribisha wezi."

Baba Kadogo akasema anakwenda kununua gundi.

Ndipo wakaniita. Nami nilikwenda, kwa sababu nilijua wanachohitaji ni mtu mwenye akili timamu. Niliiangalia meza, nikanusa, nikawaambia: gundi yenu ni ya unga wa ngano, mnapika uji mnabandikia nyumba, mende wanakula. Mnashangaa nini, mmewaandalia chakula mnataka wakatae? Nikageuza nyumba, na kweli nyuma ya paa palikuwa na meno ya mende. Nikacheka. Mdogo wangu akacheka pia, kicheko cha mtu aliyesamehewa shitaka. Akanunua gundi nyeupe ya maseremala, ile ambayo mende hata harufu yake hawaitaki, akabandika mlango mbele yangu. Nikaukandamiza kwa dole gumba langu mwenyewe. Nikamwambia kadibodi hunywa unyevu, mfunge dirisha. Tukafunga dirisha. Mama Kadogo nikaondoka naye, akae kwangu siku mbili tatu apumzike na hayo makaratasi. Ufunguo wa chumba kile akabaki nao mdogo wangu shingoni.

Alinieleza baadaye yaliyofuata, na huyu ni mtu ambaye akisema kimepita, kimepita. Au nilidhani hivyo wakati huo.

Alikaa peke yake mchana ule, akasaga chaki nyeupe, akaichunga kwa kitambaa cha soksi ya kike, akainyunyiza juu ya barabara ya msasa na juu ya uwanja wote mpaka kwenye reli. Ikawa kama vumbi la kiangazi. Mende akipita ataandika, mjusi akipita ataandika, mkono wa mtu ukipita utaandika zaidi. Akafunga, akalala chumba cha nyuma.

Asubuhi, jua limeshaingia, akafungua. Mlango wa karatasi ulikuwa wazi. Haukung'oka: ile gundi ya maseremala ilikuwa imeshika upande wa kulia vizuri kabisa, na upande wa kushoto umeachia wote, mkunjo umenyooka kama uliopigwa rula. Na kutoka kwenye vidato viwili palikuwa na mstari katika vumbi. Mwembamba, kama umeburuzwa uzi. Hauna vidole, hauna mkia wa mjusi. Ulitoka mlangoni, ukakata uwanja bila kusita, ukafika kwenye reli, ukageuka.

Alisema alipofika hapo hakutaka kuufuata tena kwa macho, lakini macho yalikwenda yenyewe.

Kuna upande wa chini, unaokwenda sokoni na mtoni. Kuna upande wa juu, unaokwenda porini mpaka kwenye geti la reli, pale barabara ya magari inapoikata njia. Mstari uligeuka juu. Ukafuata reli, ukapita mbele kabisa ya lile pengo la kibanda, karibu kiasi kwamba aliye dirishani angeweza kumdondoshea mpita njia embe kichwani. Ukaendelea mpaka ukingo wa meza. Pale ukingoni vumbi lilikuwa limemwagika kidogo sakafuni, kama lililosukumwa.

Baba Kadogo alikaa kitini. Nje fundi baiskeli alikuwa akipiga rimu kwa nyundo, ti, ti, ti, akaacha. Alisema katika kimya kile aliisikia treni ikilia ufunguo, na hakuwa ameitia.

Mimi nasema ilikuwa springi inayojifungua. Nasema hivyo mpaka leo.

Sasa niwape siku yenyewe, maana bila hiyo mnaona mazingaombwe tu. Miaka thelathini na moja nyuma, saa tisa za mchana, Mama Kadogo alirudi kisimani akakuta mlango wazi na mtoto hayupo. Alimwita nyumba sita zote. Watu wakatoka. Yeye miguu yake ilimpeleka upande wa juu, mwenyewe hajui kwa nini, akaenda mpaka nguzo ya tatu ya simu. Wakati huo mkuu wa stesheni alisimama chini ya kibanda akapaza sauti: "Mshika ishara, mtoto wako amepita hapo kwako?"

Na kutoka dirishani likaja neno: "Hakupita."

Neno la kibandani halirudiwi. Mama Kadogo aliitwa arudi kutoka nguzo ya tatu, akarudi. Stesheni nzima ikamwagika upande wa chini. Soko likapekuliwa, mto ukachokolewa kwa fito wiki mbili. Upande wa juu hakwenda hata mbwa. Aende kufanya nini, na mshika ishara, baba mzazi, amesema hakupita?

Mdogo wangu asubuhi ile ya vumbi aliinuka, akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Chini kabisa, chini ya sare za kazi, palikuwa na vipande vinne vya boksi gumu la viatu, vimekatwa madirisha, kimoja kimekatwa nusu dirisha. Akaviweka mezani. Hakuvipaka rangi, hakuvikwangua matofali, hakuvipa vipele. Akavisimamisha kama vilivyokuwa, akamalizia lile dirisha lililobaki nusu, akaviinua juu ya njiti kumi na mbili, akaviweka mahali pa pengo. Kibanda cha ishara. Kisha akaja kwangu kumchukua mkewe, amevaa shati la kutokea.

Nilikwenda nao. Nilijua uso ule, ni uso wa baba yetu siku ya kesi ya shamba.

Mama Kadogo aliiangalia meza. Aliangalia mlango, akaangalia mstari, akaufuata kwa kidole bila kuugusa. Alipofika kwenye kibanda, kidole kikasimama.

"Hili boksi," akasema.

Mdogo wangu akashika ukingo wa meza.

"Hili boksi la viatu vya shule vya Kadogo. Nililitafuta siku ile asubuhi nivirudishe humo viatu vyake, asiendelee kuvivaa ndani. Nikamgombeza mtoto kwamba amelitupa. Limefikaje kwako?"

"Nililichukua kwenda nalo kazini."

"La nini?"

"Namtengenezea nyumba ya mwanasesere." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anasoma daftari. "Saa saba mpaka saa kumi hakuna treni. Nililiweka mapajani nikawa nakata madirisha. Dirisha dogo, mkono ukitetemeka unaharibu. Sikuinua kichwa. Mkuu wa stesheni alipouliza, wembe ulikuwa mkononi. Kukaa kibandani ukichonga midoli ni kufukuzwa kazi, na nyumba ni ya kazi. Nikasema hakupita."

"Ulimwona?"

"Sikuona kitu. Sikutazama. Nilipaswa kusema sikutazama."

Nilingoja wifi yangu apasuke. Nilishajiandaa, nilishasimama kati yao na zile nyembe. Yeye akavuta kile kiti chake akakaa, akaweka mikono juu ya magoti.

"Nilifika nguzo ya tatu," akasema. "Nilikuwa nimeshafika nguzo ya tatu. Nikarudi kwa neno lako."

"Ndiyo."

"Miaka yote nikikuuliza, Baba Kadogo una hakika, unaniambia lala."

"Ndiyo."

Akainuka. Halafu akaniambia mimi, si mumewe, "Wifi, niazime viatu vyako, hivi vyangu vimetoboka. Kuna safari."

Tulikwenda watu watatu wazee kwa miguu juu ya njia isiyo na treni, nyasi zimeota katikati ya reli, na mimi nimevaa kandambili za wifi zenye upande mmoja uliotoboka. Wifi alikuwa mbele. Kwenye nguzo ya tatu, ambayo sasa ni kisiki cha chuma, hakusimama wala hakutazama pembeni, ila niliona anaongeza mwendo. Mwendo wa saa mbili wa mtoto sisi tulitumia nusu siku. Geti lilikuwa limeliwa na kutu, limeinuka juu halishuki, lakini kijumba cha mlinzi kilikuwepo, na benchi lake la mbao nje, na bibi kikongwe amekaa juu yake anachambua mchele. Mjane wa mlinzi wa geti.

Tulipiga hodi, tukapewa maji, wifi akaketi naye benchini. Mama Kadogo hakuzungusha maneno. "Mama, miaka thelathini na moja iliyopita, alipita hapa mtoto wa kike? Miaka tisa, gauni la njano, jino la mbele hana."

Yule bibi aliendelea kuchambua, punje mbili, punje tatu.

"Viatu amevitundika shingoni kwa kamba," akasema. "Vipya. Aliogopa kuvichafua. Aliketi hapo ulipokaa."

Nilimshika wifi mkono. Ulikuwa baridi kama chuma cha reli alfajiri.

"Nilimwuliza, mwanangu, kwenu wanajua uko huku? Akasema wanajua. Akasema amempita baba yake kibandani, amempungia mkono, na baba ameinamisha kichwa. Basi nikatulia. Nikasema kama baba kamwona, atakuja kumfuata zamu yake ikiisha." Akainua macho. "Tulimngoja. Hakuja mtu kuuliza. Hata mmoja."

Sikumwangalia mdogo wangu. Nawaambia ukweli, sikuweza. Nilisikia tu kikombe kimewekwa chini.

Mengine ni mafupi. Kiberenge cha mafundi wa njia kilipita jioni kabla jua halijazama, mnyapara wao akiwa na mkewe na mizigo, wanahamishwa. Yule mke wa mnyapara akasema mtoto hawezi kulala barabarani, atamchukua mpaka stesheni kubwa, wenyewe watamkuta ofisini. Wiki hiyo hiyo mlinzi wa geti naye alihamishwa, wakarudi baada ya miaka miwili, habari imeshapoa. Tulifika stesheni kubwa. Madaftari yameliwa na mchwa. Mnyapara alifariki. Mkewe alihama, wengine wanasema mara mbili, wengine mara tatu. Mzee mmoja wa bohari alimkumbuka: mwanamke mnene, mcheshi, hakujaliwa mtoto. Kisha akajisahihisha. Alikuwa na binti mmoja, alisema, ila hawakufanana.

Mdogo wangu sasa ana miaka sabini na miwili na jicho moja limeingia ukungu. Wifi yangu hakumwacha, na wala hajamsamehe, msije mkaandika kwamba amemsamehe. Anampikia, anamjibu, anamshikia taa ya mezani akikata. Amemwagiza ajenge geti la juu, na mlango ule wa mbao uliofanywa meza umeungwa ubao mwingine, na reli ikarefushwa mpaka huko. Geti lipo, kijumba kipo, benchi ni njiti za kiberiti. Mlango wa nyumba namba nne ameukatia tundu la kweli nyuma yake na kuutia bawaba ya kitambaa, na hakuna anayeufunga. Asubuhi unaukuta kama ulivyoachwa. Treni haisimami tena mbele ya kibanda. Inapita pale bila kusita, inakwenda mpaka mbele ya lile benchi, inasimama, na ufunguo unalia ndani. Mdogo wangu haisukumi.

Mmesoma bure, sasa mnilipe. Kadogo akiwa hai ana miaka arobaini. Ana kovu la nyusi ya kushoto, alianguka kwenye kile kidato kilichokatika. Wewe mwanamke wa umri huo, uliyelelewa na mke wa mtu wa reli, simama mbele ya kioo sasa hivi. Na nyinyi wengine, leo, kabla hamjamsimulia mtu habari ya mlango, mwulizeni mama au bibi mkubwa wa nyumba yenu kama aliwahi kumwona mtoto wa gauni la njano mwenye viatu shingoni. Halafu niandikieni jibu, kwa herufi kubwa, macho yangu si ya kuchezea. Kama alimwona, andika wapi. Kama hakumwona, andika hakumwona. Na kama hukwenda kumwuliza, usiniandikie kwamba hakumwona. Andika kwamba hukuuliza.